Mgunda Mkali wa angani: rejeta, oili na ndege iliyokufia Tabora 1920

Nimekuwa kimya kidogo, si mnajua tena wiki za test zinavyokuwa, bumu limekata na madesa yamejaa meza nzima. Ila hili lazima niliandike. Kwenye somo la Historia ya Afrika Mashariki tulipewa mada ya usafiri wa zamani katika njia ya misafara, na kila kundi likakimbilia pembe za ndovu na reli ya Mjerumani. Sisi tukasema tunachukua ndege. Watu wakacheka, ndege Tabora? Ndiyo, ndege Tabora, na si ya juzi.

Tarehe 27 Februari 1920, ndege kubwa ya injini mbili aina ya Vickers Vimy Commercial, yenye namba G-EAAV, ilianguka hapa Tabora wakati inapaa. Ndani walikuwemo marubani wawili, Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, mafundi wawili, na Dk. Peter Chalmers Mitchell, katibu wa chama cha elimu ya wanyama cha London, aliyekuwa anaandikia gazeti la The Times. Waliondoka Uingereza Januari 24, wakapita Kairo, Sudan, Uganda na Kisumu. Shabaha yao ilikuwa Cape Town, wawe watu wa kwanza kuvuka Afrika kwa ndege toka Kairo mpaka Rasi. Hakuna aliyekufa. Ndege ndiyo ilikufa, na safari ikaishia hapa hapa kwetu.

Sasa ukisoma habari za zile safari, utaona mambo ya ushujaa na ramani. Mimi nilichokiona ni kitu kingine kabisa, na ndiyo hoja yangu leo. Ndege za mwanzo za upande huu hazikusumbuliwa sana na risasi, na marubani wake hawakuwa wabovu. Zilisumbuliwa na joto la injini zao wenyewe. Namna ya kulitoa lile joto nje, kwa maji, kwa oili au kwa upepo, ndiyo iliyoamua nani afike na nani alale porini.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika huku, turudi nyuma kidogo. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakata Ugogo, ikaingia Unyanyembe ambako ndiko Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kama kilo 30 kila mmoja. Safari yao haikupimwa kwa maili, ilipimwa kwa maji. Kati ya Ugogo na Unyanyembe kulikuwa na pori linaloitwa Mgunda Mkali, na jina linajieleza lenyewe. Maji hapo ni ya kubahatisha, msafara uliokosea mahesabu uliacha watu njiani. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley akalipita mwaka 1871, na wote wakaandika habari zake. Mnyamwezi asiyejua kusoma alikuwa analijua bila kuandikiwa.

Ndege nayo ilikuwa na Mgunda Mkali wake, ila wenyewe ulikuwa ndani ya injini.

Tuelewane kwanza kuhusu injini (watu wa Arts msikimbie, nitaenda taratibu, hata mimi ni wa Arts). Petroli ikiungua, kama robo tu ya nguvu yake ndiyo inageuka kazi ya kuzungusha panga la ndege. Inayobaki ni joto. Sehemu inatoka na moshi, na sehemu inabaki kwenye chuma, lazima iondolewe, la sivyo chuma kinavimba, oili inakuwa nyepesi kama chai na vyuma vinakwanguana. Maji yanazungushwa kwenye silinda, yanachukua joto, yanapelekwa kwenye rejeta, upepo unalichukua. Oili nayo si ya kulainisha tu, inabeba joto vilevile, ndiyo maana injini nyingine zina rejeta ndogo ya oili peke yake.

Juu ya hilo weka jiografia yetu. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwenzangu wa chumbani, yeye ni BSc Ed wa fizikia, alinipigia hesabu nyuma ya desa langu. Siku yenye nyuzi 30, hewa ya Tabora ina uzito kama asilimia 82 tu ya ile hewa ya pwani ya nyuzi 15 ambayo mahesabu ya wahandisi hutumia. Kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi, ni kama asilimia 87. Hewa nyepesi inaiumiza ndege mara tatu kwa mpigo mmoja. Mabawa yanapata pa kushika padogo, injini inavuta hewa pungufu hivyo nguvu zinashuka, na rejeta inapitiwa na upepo usio na uzito wa kubeba joto. Tena hapa Tabora maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Yaani rejeta inachemka mapema kabla haijafika kule fundi wa Ulaya alikotarajia.

Nilienda kwa fundi mmoja wa malori hapa mjini nikamuuliza rejeta inafungwaje vizuri. "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu, umeleta gari?" Nikamwambia sina gari, nina swali. Akacheka, akaniambia wanaoanza kazi wote wanahangaikia upepo uingie, hawaangalii unatokea wapi. "We jenga tembe uweke dirisha moja tu, upepo utaingia? Utagonga pale pale urudi." Kwa maneno ya wakubwa, hewa ikae na msukumo mkubwa mbele ya rejeta, na nyuma yake iwe na njia pana ya kutokea, na mianya ya pembeni izibwe ili isipite bure bila kugusa mabomba. Na akaongeza: rejeta usiikaze chuma kwa chuma, iwekee raba, maana mtetemeko ndio unaopasua. Sijawahi kusikia lekcha fupi na nzuri namna hiyo.

Mkononi na hiyo elimu ya fundi, twendeni Rufiji kwanza, maana kule ndiko ndege za vita zilikoanzia kwenye nchi yetu. Mwishoni mwa 1914 meli ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye vijito vya mlango wa mto Rufiji. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Wakamkodi rubani raia aitwaye Cutler, aliyekuwa anarusha ndege kwa maonyesho huko Durban, na ndege yake ya Curtiss inayotua majini. Wakaenda naye kwenye kisiwa cha Niororo karibu na Mafia. Novemba hiyo hiyo, baada ya safari ya kwanza tu, rejeta ikawa haifai. Duka la spea za ndege hakuna. Unajua walifanya nini? Ililetwa rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa, ikafungwa kwenye ndege. Na kwa rejeta hiyo ya gari Cutler aliruka na kuiona Königsberg. Desemba akaanguka mtoni, akakamatwa na Wajerumani.

Mimi hapo nilisimama nikawaza. Tunasoma vita vya mwaka 1914 hadi 1918 kama vita vya majenerali. Kumbe kuna wakati jeshi la maji la Mfalme wa Uingereza lilisubiri rejeta ya gari dogo!

Februari 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith zenye injini ya Gnome, ile ya kuzunguka. Hii ni injini ya ajabu, watu wa siku hizi wanaweza wasiamini. Shafti imefungwa kwenye ndege haiendi popote, halafu silinda zote 9 ndizo zinazozunguka pamoja na panga. Kwa nini? Kwa sababu ya joto. Silinda zikizunguka zinajipepea zenyewe, huhitaji rejeta wala maji. Kwa akili ya haraka unaona hii ndiyo dawa ya Afrika. Haikuwa hivyo. Injini ilipoteza nguvu kwenye joto lile, gundi ya mbao ikaachia kwa unyevunyevu, na ndege zikashindwa kunyanyuka majini zikiwa na mzigo uliokusudiwa.

Na oili yake sasa. Gnome ililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, hayo hayo ya mnyonyo, wengine huita mbarika, unaoota wenyewe nyuma ya majalala yetu. Sababu ni kwamba petroli ilipita ndani ya tumbo la injini, na oili ya kawaida ingeyeyushwa nayo na kusombwa. Mafuta ya nyonyo hayachanganyiki na petroli kirahisi. Lakini hayakurudi kwenye tangi, hayakupozwa yakatumika tena. Yakishapita yalitupwa nje pamoja na moshi, lita kadhaa kila saa, mengine yakimpiga rubani usoni. Na mnajua mafuta ya nyonyo kazi yake nyingine tumboni. Teh teh teh. Haya, tuendelee.

Kwa upande wetu wa magharibi mambo yalikuja mwaka 1916. Reli ya kati ilishafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa reli hiyo Wajerumani walikuwa wamepitisha meli nzima ya Graf von Götzen vipande vipande, makasha kama 5,000, wakaiunga Kigoma (ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba). Hata mzinga mmoja wa Königsberg ulitolewa Rufiji ukafungwa juu yake. Wabelgiji ng'ambo ya ziwa wakaomba ndege kwa Waingereza, wakapewa nne aina ya Short 827 zinazotua majini, zenye injini ya Sunbeam ya nguvu za farasi 150 inayopozwa kwa maji.

Njia waliyopita hizo ndege kufika ziwani inachosha hata kuisoma. Meli hadi Matadi, treni hadi Kinshasa, mashua za mto Kongo, treni tena, mto tena, treni ya Kabalo hadi ziwani, na katikati mabega ya watu. Kambi ikawekwa kwenye kiziwa kidogo cha Tungwe karibu na Mtoa, kwa kuwa mawimbi ya ziwa kubwa yangezivunja. Mtoa! Huko ndiko mashua za misafara kutoka Ujiji zilikokuwa zinashusha watu na mizigo kwenda Manyema miaka ya 1870 na 1880. Ndege zilipofika zilikuta bandari ya wapagazi, zikaitumia hiyo hiyo.

Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na msaidizi wake Collignon waliruka wakaangusha mabomu Kigoma wakiilenga Götzen. Haikuzama kwa bomu. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai walipokuwa wanaondoka, lakini kabla ya hapo mafundi walipaka injini zake grisi nene ili zisile kutu. Ilipoibuliwa mwaka 1924 ilitengenezeka, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Behaeghe hakurudi kwao, alifia Kongo Desemba 1916. Tabora ilichukuliwa na jeshi la Jenerali Tombeur tarehe 19 Septemba 1916, na huyo mzee baadaye akapewa ubaroni wenye jina la mji wetu. Askari walioingia Tabora waliingia kwa miguu, na vyakula na risasi zao zilikuja vichwani mwa wapagazi. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu hudhani ndege ndizo zilizoifungua nchi hii. Zilifungua Kigoma kidogo, tena kutoka juu, zikarudi nyumbani kabla injini haijakasirika.

Vita vilipoisha Waingereza wakataka njia ya anga toka Kairo hadi Cape Town. Timu tatu za kupima zikatumwa, na mwisho wa 1919 wakatangaza viwanja viko tayari, vikubwa na vidogo, Tabora kikiwemo. Kazi kubwa ilikuwa kung'oa miti na kubomoa vichuguu. Ndola, ambayo leo iko Zambia, watu 700 walifanya kazi miezi mitano wakaondoa tani 25,000 za udongo wa vichuguu. Yeyote aliyewahi kulima shamba la Tabora anajua kichuguu kikikauka kinavyokataa jembe. Majina ya marubani yote tunayo, na cheo cha kila mmoja. Majina ya wale 700 sijayaona popote.

Ndipo ikaja ile Vimy. Injini zake zilikuwa Rolls-Royce Eagle VIII, mbili, kila moja nguvu za farasi kama 360, zimekaa kati ya mabawa, rejeta mbele ya kila injini ikipigwa na upepo wa kwanza. Kwa Ulaya ilikuwa injini ya kutegemewa sana, ndiyo iliyovusha Alcock na Brown bahari ya Atlantiki mwaka 1919. Lakini kila silinda ilikuwa na koti lake la bati la kuzungushia maji, limechomelewa. Silinda 12 kwa injini moja, makoti 24 kwa ndege nzima, na viungo vya mabomba kati yake. Vitikise hivyo siku nyingi, viwashwe na kupoa kwenye jua la Sudan, mahali fulani patapasuka. Na palipasuka. Maji ya injini yakawasumbua njia nzima, wakawa wanashuka, wanaziba, wanajaza, wanapanda tena. Hebu niambieni kama huo si msafara wa Mgunda Mkali, tofauti yake kibuyu kimetoboka na hamwezi kukaa chini ya mti mkasubiri.

Walipofika Tabora walikuwa na injini zilizochoka, mwezi Februari, katikati ya mvua zetu, uwanja mpya wa udongo, mita 1,200 juu. Katika kupaa, nguvu za injini zikashindwa. Ndege nzito ya injini mbili za enzi hizo ikipoteza moja wakati wa kupaa haina hiari, inarudi chini. Ikaharibika kiasi cha kutotengenezeka hapa.

Wenzao washindani, van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini, nao walikuwa na Vimy iitwayo Silver Queen. Rejeta ikavuja usiku juu ya Nubia, wakashuka Korosko gizani ndege ikavunjika. Wakachukua injini zake, wakazifunga kwenye Vimy nyingine waliyoazimwa Kairo, wakaja nayo mpaka Bulawayo, ikashindwa kupaa tarehe 6 Machi. Wakapewa ndege ndogo ya DH9, wakafika Cape Town Machi 20. Ndege tatu kwa safari moja. Wakasifiwa, na walistahili, ila ukiniuliza mimi, waliofika ni watu, Vimy haikufika.

Miaka kumi na miwili baadaye, shirika la Imperial Airways lilipofungua huduma ya mpaka Cape Town mwezi Januari 1932, njia ilihama. Ilipita Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya. Tabora tukaachwa pembeni. Na ndege zilizotumika kutoka Nairobi kwenda kusini zilikuwa Hercules za injini tatu za Bristol Jupiter, zinazopozwa kwa upepo tu. Silinda zimesimama duara mbele ya ndege hazizunguki, hazina tone la maji la kuvuja. Jibu lilipatikana kwa kuitupa rejeta ya maji kabisa, ikabaki oili.

Na oili haijaisha kuleta maneno. Mwenzangu yule wa fizikia alinionyesha kwamba kuna watu, Marekani hasa, wanaojitengenezea ndege ndogo nyumbani na kuzifunga injini ya gari la Mazda yenye rota za pembetatu ndani. Kwa Kiingereza nayo inaitwa "rotary", jina lile lile la aina ya injini ya Gnome, ingawa hizi hazina undugu hata wa mbali. Rota zake zinapozwa ndani kwa oili, na kama theluthi moja ya joto la kupozwa linapita kwenye oili, kwa hiyo rejeta ya oili lazima iwe kubwa kweli. Kinachowakosesha usingizi ni wapi pa kuifunga. Wakiiweka mahali penye upepo mzuri, hewa haina pa kutokea. Wakiipa pa kutokea, inapishana na rejeta ya maji. Wakiikaza sana inapasuka. Nikamwambia kuna fundi mmoja Tabora wangempigia simu wangeokoa miezi.

Kitu kimoja bado nakitafuta. Ule uwanja wa 1919 ulisafishwa na watu wa hapa, na ndege iliyoanguka mwaka uliofuata lazima ilitazamwa na mji mzima, maana kitu kikubwa namna ile hakijifichi. Bati lake, waya zake, mbao zake, turubai la mabawa, vyote hivyo havikuyeyuka. Mdau yeyote mwenye bibi au babu Tabora, Kwihara, Ipuli, Itetemia au popote pale Unyanyembe, aliyewahi kusimuliwa na wazazi wake habari za ndege iliyoanguka au za kazi ya kubomoa vichuguu vya uwanja, amsalimie kwa niaba yangu, amuulize taratibu baada ya chakula, kisha aniandikie. Nitakuja mwenyewe na daftari, na sukari kilo moja nitaleta.